Mjane Aliyepanda Kondoo

Ukifika Hurstcote ukauliza nyumba ya Custance, yeyote atakuonyesha, lakini kwanza atacheka. Atakwambia, "Yule wa kondoo?" Hakuna atakayekwambia kwamba bia yake ndiyo pekee isiyochacha kabla ya Jumapili, wala kwamba mwaka wa tauni alimwosha na kumzika mama mkwe wake peke yake, jamaa wote walipokuwa wametimua mbio. Hayo hayachekeshi, na kijiji hukumbuka kinachochekesha.

Alizaliwa ng'ambo ya mto, kwa baba kibarua asiye na hata tuta moja la kitunguu. Mama yake alikufa akimzaa Piers, na Custance, msichana asiyejua bado kufunga kilemba chake, ndiye aliyemlea mdogo wake. Alimtafunia mkate. Alimbeba mgongoni akichunga mabata bukini ya watu. Piers alipoiba matufaha ya padri, aliyechapwa ni Custance, kwa kuwa hakumwangalia. Hakuona ajabu. Mwanamke wa kwetu hufundishwa mapema kwamba makosa ya wanaume yana mahali pa kulala, na mahali hapo ni mgongoni mwake.

Akaolewa na Hamond Attwell, mwenye shamba la kando ya kisima hapa Hurstcote. Hamond hakuwa mtu wa maneno, lakini hakuwa mwepesi wa mkono pia, na hapa kwetu hiyo ni sifa ya kutosha kumwombea mtu peponi. Walipata watoto, wakazika, wakabaki na mmoja, Jennet.

Siku hizo jamaa mbili za kifalme, York na Lancaster, zilikuwa zikigombania taji. Wote walikuwa wa ukoo mmoja, wajukuu wa babu mmoja, na kila upande ulisema Mungu yuko kwao. Lancaster walikuwa nalo, York wakalinyang'anya. Lancaster wakalirudisha, York wakaja tena. Sisi tuliokuwa tukipalilia njegere hatukuulizwa. Bwana wa Hurstcote alikuwa mtu wa York, basi mwisho wa kipupwe akawagawia wanaume makoti yenye waridi jeupe kifuani, akaondoka nao kwenda kaskazini. Hamond alikufa Jumapili ya Matawi, kwenye theluji, upande ulioshinda. Bwana alipewa mashamba mapya kwa ushindi huo. Custance alipewa habari.

Na kwa sababu desturi yasema mpangaji akifa bwana huchukua mnyama wake bora, msimamizi, Bwana Gervase Holcot, akaja kumfungua ng'ombe wa maziwa.

"Amekufa amevaa koti lenu," Custance alimwambia. "Na ng'ombe pia mnamtaka?"

"Na koti pia, mama, kama lilipatikana," Holcot akajibu, na hakuwa akitania.

Kilichobaki ni shamba. Desturi ya Hurstcote ni kwamba mjane hukaa na shamba la mumewe maadamu hajaolewa na hajalala na mwanamume. Akiteleza, shamba linarudi kwa bwana. Akifa, linarudi vilevile, isipokuwa kama amekwisha kumkabidhi mkwe wake mbele ya baraza. Kwa hiyo Custance aliishi kama mshumaa wa altare. Wachumba walikuja, akawafukuza kwa upawa. Alipika bia, akauza, akalima, akamngoja Jennet akue. Jennet alipokua alichumbiwa na Diccon, mwana wa Reynold fundi magurudumu na mkewe Parnell, majirani wa ukuta kwa ukuta. Jennet akaenda kwanza kufanya kazi za ndani kwenye shamba moja ng'ambo ya mto, apate shuka na sufuria za kuanzia. Custance akawa anahesabu kwamba mzigo wake unakaribia kutuliwa.

Ndipo Piers alipobisha hodi.

Ilikuwa mwezi wa Mei, Jumapili, watu wako misani. Custance alikuwa amebaki kwa sababu kimea kilikuwa juu ya moto, na kimea hakijui Jumapili.

"Fungua, dada."

"Nani?"

"Mwizi wa matufaha."

Alifungua, na mdogo wake akamwangukia. Paja lilikuwa limetobolewa na mshale, tope limemfika kiunoni. Piers alikuwa mpiga upinde wa bwana mmoja wa Lancaster, huko magharibi. Koti lake lenye alama alikuwa amelitupa mtaroni.

"Tumekwisha, dada. Walituvunja kando ya mto Severn. Waliokimbilia kanisani walitolewa nje wakakatwa vichwa."

"Na wewe umeponaje?"

"Mimi nilikimbia kabla ya wao."

"Sasa mfalme ni nani?"

"Wa York."

"Yule yule wa mwanzo?"

"Yule yule."

Custance alikaa kwenye kigoda. "Basi Hamond alikufia nini, na wewe umetobolewa kwa ajili gani?"

"Una mkate?" Piers akasema.

Alimpa mkate wa shayiri, jibini na bia. Akamwosha kidonda kwa siki ya divai, akamficha darini, juu ya kimea kinachokauka. Siku ya pili mpiga mbiu alisimama mlangoni pa kanisa: atakayemficha mtu wa Lancaster, watanyongwa wote wawili kwa kamba ya mti mmoja. Custance aliisikia mbiu amebeba maziwa ya kumpelekea.

Kosa lake lilikuwa viatu. Vitambaa vya damu alivichoma, bakuli la pili alilificha, lakini viatu vya Piers aliviweka jikoni vikauke, na Parnell akaingia bila hodi kuomba chachu ya kuumulia mkate, kama alivyokuwa akiingia miaka yote. Juu, Piers akakohoa.

"Una mgonjwa, shoga?"

"Paka huyo."

"Paka wako ana kifua kipana." Parnell aliangalia chini. "Na anavaa viatu."

"Vya marehemu hivyo."

"Marehemu amekanyaga tope la juzi?"

Parnell akachukua chachu yake, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Kusema kweli, hakuwa na nia mbaya. Alilisema kisimani tu, kwa wanawake, kwa kucheka, kwamba hatimaye mama Attwell naye amekumbuka kwamba yu hai. Lakini kisima kile kinatumiwa na mpishi wa Holcot pia.

Kesho yake kabla ya alfajiri Custance alimtoa Piers, naye akachechemea kuelekea msitu wa wachoma makaa. Kulipokucha wakaja watu wa msimamizi. Walikuta majani ya darini yamelala kwa umbo la mwanamume, na mshipi wa kiume. Hawakuwaza askari. Walichokuja kutafuta walikipata, na mtu akipata anachotaka haangalii mara ya pili.

Holcot alikuwa na mpwa aliyetoka mjini, kijana mpole aitwaye Lambert, na mpwa huyo hakuwa na shamba.

Baraza likakaa ghalani kwa bwana, wapangaji wote wamejaa.

"Mama Attwell," Holcot alianza, "ulikuwa na mwanamume darini?"

"Nilikuwa naye."

"Nani?"

Hapo ndipo maisha ya mwanamke yule yalipofungwa. Desturi haimkatazi mjane kumlaza ndugu yake. Angesema "mdogo wangu," angetoka pale na shamba na jina. Lakini Piers alikuwa bado msituni, mguu mmoja ukiburutika, na mbwa wa Holcot walikuwa wamefungwa nje ya mlango, wanasikika. Neno lile lingemsafisha yeye na kumnyonga Piers, na huenda yeye mwenyewe baadaye.

"Mpita njia," Custance akasema.

"Jina lake?"

"Sikumuuliza."

Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Mtu akapiga ukelele kutoka nyuma, "Kwa nini umuulize? Hakuja kubatizwa!"

Holcot akangoja wanyamaze. "Basi mmesikia. Shamba la kisimani limerudi kwa bwana."

Custance aliona akilini paa lake, mapipa yake, shuka za Jennet. Ndipo Reynold, fundi magurudumu, baba wa mchumba, aliposimama, amekunja kofia mikononi.

"Bwana msimamizi, kuna kondoo."

Watu wakakohoa.

"Kondoo gani?" Holcot alijua vizuri kondoo gani.

"Mjane aliyeteleza akija barazani juu ya kondoo dume mweusi, uso kwa mkia, akasema maneno yake mbele za watu, anarudishiwa shamba. Babu zetu walifanya."

"Hayo ni mambo ya kale."

"Na kukuletea kuku wakati wa Krismasi ni ya kale, na unawala," Reynold akasema. "Ukiiruka desturi kwa Custance leo, kesho utairuka kwa mke wangu nikifa."

"Mimi sitahitaji kondoo!" Parnell akapaza sauti.

"Hujui bado, mama," mtu akamjibu, na kicheko kikaanza upya.

Wapangaji wote wakaguna kumuunga mkono Reynold. Holcot akakubali shingo upande. Msidhani walimpenda Custance. Walitaka haki, na walitaka kutazama, na siku ile walipata vyote viwili.

Kondoo aliletwa wiki iliyofuata, mkubwa, mweusi, pembe zimejikunja, ananuka mafuta ya sufu na mkojo. Wanaume wawili walimshika pembe. Custance hakuwa mwembamba. Alipopandishwa, mgongo wa kondoo ulibonyea, watu wakamhurumia kondoo.

"Mwacheni apumue!"

"Shika mkia, mama, usije ukampoteza na huyu!"

"Muulize jina lake kwanza!"

Miguu yake ilikuwa ikiburuta chini. Kutoka malangoni hadi ndani ya ghala si mbali. Ng'ombe angekufikisha huko kabla hujamaliza Salamu Maria. Kondoo yule alikwenda, akasimama, akageuka, akanya. Kwa kuwa alitazama nyuma, Custance aliwaona wote waliomfuata, uso mmoja mmoja: wanawake aliowazalisha, wanaume waliokunywa bia yake kwa mkopo, padri amesimama pembeni na mikono ndani ya mikono ya kanzu. Mbele ya Holcot akayasema maneno, kwa sauti iliyosikika, kwa sababu desturi yasema yasiposikika yarudiwe:

"Kondoo huyu mweusi amenibeba kinyume,
Kwa mwili wangu mwepesi nimemsahau mume;
Nirudishie nafasi, shamba langu, nisihame."

"Umerudishiwa," Holcot akasema, amekunja uso.

Alishuka. Hakulia. Alikwenda nyumbani akakoroga kimea, kwa sababu kilikuwa kinaungua.

Jennet alikuja Jumapili, ametembea kutoka ng'ambo ya mto, macho mekundu. Hakuketi.

"Ni kweli, mama?"

Custance akafunga mlango na dirisha. "Alikuwa mjomba wako."

"Mjomba Piers?"

"Alikuwa ametobolewa mguu. Ningemtaja wangemnyonga. Na wewe usimtaje."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Jennet aliangalia sakafu. "Kule kazini wameniimbia, mama. Wameniwekea kondoo wa majani kitandani. Nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Vumilia. Piers akipona, akapata salama, atakuja mwenyewe kusema. Namjua mimi, nimemlea."

Jennet alimwamini nusu. Nusu hiyo ndiyo Custance aliyoishi nayo majira yale yote ya joto. Parnell na Reynold hawakuvunja uchumba. Walisema tu ndoa ingoje kidogo. "Shamba tunalipenda," Parnell alimwambia uani, na safari hii hakuwa akicheka, "lakini shoga, mtoto wangu ataitwa mkwe wa nani? Kungekuwa na maelezo, ungetueleza." Custance alikuwa na maelezo mdomoni kama kaa la moto.

Mavuno yakaisha. Mfalme wa York, akiwa amekwisha kuwaua aliotaka kuwaua, akatangaza msamaha kwa waliobaki. Na sikukuu ya Mtakatifu Martin, watu wanapochinja nguruwe, Piers akaingia Hurstcote juu ya farasi. Alikuwa amevaa koti jipya lenye waridi jeupe. Bwana wetu mwenyewe ndiye aliyemwandika kazi, maana wapiga upinde wazuri walikuwa wamepungua pande zote mbili.

Custance alikimbia na mikono yenye damu ya nguruwe. Alimkuta uani kwa bwana akimpangusa farasi.

"Mdogo wangu! Umepona!"

"Dada." Alimbusu shavuni, akaangalia pembeni kama kuna mtu.

"Kesho kutwa kuna baraza. Utasema, siyo? Neno moja tu, kwamba ni wewe uliyelala darini. Umesamehewa sasa. Hawawezi kukufanya kitu."

Piers akaendelea kupangusa. "Unajua nilivyopata koti hili?"

"Sijui."

"Nilimwambia bwana kwamba sikuwepo vitani. Nilimwambia niliugua tangu Kwaresima, nikalala kwa watawa hadi mavuno. Nilikula kiapo, dada, mkono juu ya masalia ya watakatifu. Hachukui waliosimama Severn. Nikisema nilikuja kwako natoka huko, mimi ni mwongo na mvunja kiapo. Nitarudi kulala mitaroni."

"Na mimi ninalala wapi?"

"Wewe una shamba."

"Nina shamba! Nilimpanda kondoo kwa ajili ya shamba! Jennet haolewi, Piers. Ni mtoto wa kondoo sasa."

"Watu husahau. Wewe ni mwanamke wa makamo, nani atakufikiria mwaka mmoja zaidi?" Akashusha sauti. "Nitamletea Jennet kitambaa kizuri, cha buluu. Nitakuletea na wewe."

Alimtazama. Mguu ule alioufunga yeye ulikuwa umesimama sawa kabisa.

"Nilikutafunia mkate," Custance akasema.

"Na sijasahau," Piers akasema, na huenda alikuwa anasema kweli.

Alikwenda barazani hata hivyo. Alimtumia Jennet habari aje, naye akaja, akasimama nyuma karibu na mlango, jirani na Diccon. Piers alikuwa mbele, kati ya watu wa bwana, mkono kiunoni. Holcot alipouliza kama kuna mwenye neno, Custance alijitokeza.

"Mwanamume aliyelala darini mwangu mwezi wa Mei alikuwa mdogo wangu Piers, yule pale. Alikuwa amejeruhiwa. Sikumtaja kwa sababu ya kamba. Sikuwahi kumkosea mume wangu, hai wala maiti. Naomba liandikwe na lisikike."

Aliona Reynold ameinua kichwa. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya watu, sauti ya uchangamfu tu, isiyo na chuki:

"Kila malaya ana kaka!"

Wakacheka. Walicheka kuliko siku ya kondoo, wakashikana mabega, machozi yakawatoka. Mmoja akauliza mpita njia yule alikuwa na dada wangapi. Holcot mwenyewe akafunika mdomo. Kisha akamgeukia Piers, kwa ajili ya kukamilisha utaratibu.

"Ni wewe, kijana?"

"Mei nilikuwa kwa watawa, bwana, kama nilivyoapa," Piers akasema. "Dada yangu ameteseka sana. Msimcheke."

Hilo ndilo lililomwua. Angekana tu, wachache wangeshuku. Lakini alimtetea, kwa upole, kama ndugu mwema, na kila mtu akaona jinsi mwanamke yule asivyo na haya, kumtwika mtoto wa mama yake uchafu wake. Kisha wenzake wakampiga kiwiko kwa utani, naye Piers akacheka pamoja nao, kwa kuchelewa kidogo.

Custance aligeuka kumtafuta Jennet. Msichana alikuwa akimtazama mjomba wake, kisha mama yake, kisha mjomba wake tena. Alikuwa amepewa watu wawili wa kuchagua nani mwongo, na mmoja alikuwa na koti safi na kiapo. Akajifunika shali, akatoka. Diccon hakumfuata.

Jennet hakurudi nyumbani hata kuchukua shuka zake. Baadaye ilisikika ameenda mbali, London wengine wanasema, na kwamba amebadilisha jina la baba. Diccon alioa binti wa mwenye kinu wakati wa Pasaka, na Custance ndiye aliyewapikia bia ya harusi, kwa kuwa hakuna anayepika vizuri kama yeye.

Shamba bado analo. Hakuna wa kumnyang'anya. Kondoo yule amelifunga kwake hadi kufa. Hana mkwe wa kumkabidhi, basi siku atakapofumba macho litarudi kwa bwana, na inajulikana bwana atampa nani. Lambert, mpwa wa msimamizi, hupita mpakani mara kwa mara. Ni kijana mwenye adabu, na hana haraka. Masika haya alimkuta Custance ameinama kwenye matuta ya njegere, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Eti upande huu wa chini, mvua ikizidi maji yanasimama?"

Custance alinyoosha mgongo, akautazama upande wa chini.

"Yanasimama," akamwambia. "Utahitaji kuchimba mfereji."